Herufi ya Mwisho

Niliandika DUKA LA DAW, nikashuka ngazini,
nikarudi nyuma hatua nne, kama kawaida yangu,
kutazama kazi, nikaona imekamilika.
Mwenye duka akacheka. Mtoto wa shule akacheka.
Nikasingizia rangi,
nikapanda tena kuitafuta ile A
ambayo mkono wangu uliapa kwamba imo.

Miaka thelathini na moja naichora Kirumba:
majina ya mitumbwi, bei ya sangara, USIKOJOE HAPA,
na sikuwahi kumnyima mtu herufi.

Bugando iko juu ya kilima; unafika unahema.
Sista Kokugonza akanidondoshea kitu kinachowasha,
Dakta Mafuru akachungulia ndani
kama aliyeangusha funguo kisimani.
"Presha ya macho, mzee Lukelesha.
Haiumi. Huo ndio ubaya wake.
Huanzia pembeni, kama mchwa na mkeka,
na palipoliwa hapasukwi tena."

Nyuma ya jicho, akasema, kuna mshipa wa fahamu,
nyuzi kama milioni moja zimefungwa pamoja.
Nikaifikiria kamba ya nanga:
inakatika uzi kwa uzi
na mtumbwi hauna habari.

Matone hushusha presha. Hayo nimeyazoea,
kichupa kimoja kwa bei ya bati.
Ila kuna watu presha yao imeshuka
na nyuzi bado zinakufa.
Ndipo akanitajia dawa ya kulinda.
"Si ya kurudisha, mzee, tusidanganyane.
Ni ya kuzishibisha zilizobaki, zivumilie."
Bado inajaribiwa. Makopo mawili yanayofanana:
moja lina dawa, moja lina unga mtupu,
na nani kapewa lipi, Sista hajui,
Dakta mwenyewe hajui.
"Basi humu ndani sote vipofu," nikamwambia.
Akacheka hadi akavua miwani.

Nikaweka dole gumba,
maana saini yangu ilitoka nje ya mstari. Mimi!

Kila baada ya miezi mitatu naegesha kidevu kwenye mashine.
Ndani ni bakuli jeupe. Vitaa vinawaka,
hapa, pale, juu kidogo, nabonyeza kitufe.
Ni kama taa za wavua dagaa usiku usio na mwezi,
mji mzima unaoelea ng'ambo ya Bwiru.
Nabonyeza, nabonyeza, kisha kimya kirefu,
na kimya hicho nakijua:
kuna taa zimewaka, mimi sikualikwa.

Nyanzala hunipa kidonge pamoja na uji.
Yeye anaamini ni dawa, kwa kuwa kinanuka.
Mimi nakiweka kiganjani, nakiuliza: wewe nani?
Siku nyingine nasoma hadi tarehe ya mwisho kwenye kopo,
siku nyingine nagonga bega kwenye mlango
nilioupaka rangi kwa mkono huu.
Bahasha itafunguliwa mwakani.
Ikisema nilikula unga, basi;
hata ugali ni unga, na umenifikisha hapa.

Juzi usiku tulikaa kwenye mawe nyuma ya nyumba.
Hesabu taa, nikasema. Akahesabu arobaini na mbili.
Mimi ishirini na tisa.
"Geuza kichwa," akasema.
Nikageuza taratibu, kama mtu anayesogeza pazia
la nyumba ya watu,
na nyingine zikaja, moja, moja,
thelathini na sita.
Zile sita nimemwachia Nyanzala anitunzie.

Siku hizi naanza na herufi ya mwisho.
Naigusa kingo ya ubao kwa kidole,
napanda A pale pembeni kabisa, kama kigingi,
kisha narudi nyuma: W, halafu A, halafu D,
mbuzi na kamba yake.
Vijana wananiuliza mtindo huo nimeutoa wapi.
Nawaonyesha kilima kwa brashi.